Shajara ya mradi wa chuo: mtoto wa Buguruni kati ya Mlimani na Marekani

Agosti 2023, mwanzo wa mwezi

Nimeingia kidato cha sita mwezi uliopita, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), shule ya serikali ya kutwa hapa Dar es Salaam. Mei mwakani nafanya mtihani wa taifa. Kabla ya hapo nataka nipate jibu la swali moja: nipeleke maombi kwenye vyuo vya Marekani vinavyochukua wachache na kuwalipia kila kitu, au nguvu zote niziweke Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo?

Baba ni fundi seremala Keko. Mama ni mama lishe soko la Buguruni. Tumepanga vyumba viwili, nina wadogo zangu wawili, mmoja darasa la saba. Naandika kila hatua inapokamilika kwa sababu nimetafuta maelezo ya mtoto aliyetoka shule ya kata akaipita njia hii, yaandikwe kwa Kiswahili na yenye hesabu zake, nikakuta mengi ni ya kutia moyo tu. Kutiwa moyo ni kuzuri, ila mimi nahitaji tarakimu.

Kilichonifanya nianze sasa ni kalenda. Common App, mfumo ambao vyuo vingi vya Marekani hupokelea maombi, hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Maombi ya mapema hufungwa Novemba na ya kawaida karibu na 1 Januari. Majibu hutoka hadi mwisho wa Machi, na kuthibitisha ni kufikia 1 Mei. Huku kwetu matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na dirisha la udahili na la mikopo yote ni ya kuanzia hapo. Kwa hiyo anayeomba akiwa bado yuko kidato cha sita hapotezi dirisha lolote la hapa nyumbani. Ila akimaliza, akaanza Mlimani ndipo aombe, vyuo vingi vya kule vitamhesabu mwanafunzi wa kuhama, na fedha za wanaohama kutoka nje ni chache zaidi. Asipoanza Mlimani, anakaa mwaka mzima nyumbani akisubiri bahati. Nasisitiza hili kwa walioko kidato cha tano: dirisha letu ni Agosti hadi Januari ya kidato cha sita, tukiwa bado na sare.

Agosti, wiki ya tatu

Leo nimemwonyesha mama bei. Yale, mwaka huu wa masomo, ada pamoja na malazi na chakula ni dola 83,880. Kwa shilingi 2,500 kwa dola inapita milioni 200. Mama aliangalia simu, akanirudishia, akaendelea kuchambua mchele. Akasema, "Hiyo ni ya mwaka mmoja?" Nikamwambia ndiyo. "Basi funga hiyo kitu, bando linaisha."

Sikufunga, kwa sababu hiyo ni bei ya kwenye tovuti, na familia kama yetu haiulizwi hiyo. Harvard mwaka huu imetangaza kwamba familia yenye kipato chini ya dola 85,000 kwa mwaka, mali zikiwa za kawaida, haitarajiwi kulipa kitu. Princeton imepandisha kiwango chake hadi dola 100,000. Na vyuo hivi havitofautishi Mmarekani na mgeni kwenye msaada wa fedha. Mwanafunzi anatarajiwa kuchangia kidogo kwa kufanya kazi chuoni, maktaba au jikoni, saa chache kwa wiki. Wazazi, sifuri. Nilipomweleza mama mara ya pili aliuliza swali ambalo ndilo la msingi: "Na wanachukua wangapi?"

Hapo ndipo penye kazi. Harvard, Yale, Princeton na MIT huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100, na kwa wanaotoka nje ya Marekani ni wachache zaidi. Mjomba alinishauri niombe vingi ili nafasi iongezeke. Inaongezeka, lakini si kama tunavyozidisha darasani, kwa sababu matukio haya hayajitegemei. Faili ni lile lile, alama ni zile zile, na wasomaji wanatafuta vitu vinavyofanana. Likiwa dhaifu kwa mmoja, huenda likawa dhaifu kwa wote.

Nimeyagawa makundi ya vyuo kwenye daftari, na huu mgawanyo ndio moyo wa mradi wote. Kundi la kwanza havitazami mfuko wako wakati wa kuamua kukuchukua, hata kama ni mgeni, na wakikuchukua wanaziba pengo lote la fedha. Ni vichache sana: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na tangu 2022 wameingia Dartmouth na Bowdoin. Kundi la pili vinaziba pengo lote kwa waliowachukua, lakini vinatazama mfuko kwanza. Kuomba msaada mkubwa kunakupunguzia nafasi ya kuchukuliwa, na wao wenyewe wanalisema wazi. Kundi la tatu huchukua wengi zaidi, wanakupa ufadhili wa ufaulu ambao kwa macho ni mkubwa sana, kisha kinachobaki ni juu yako. Jirani yetu alimsikia mtoto wa rafiki yake "kapata skolashipu ya dola 20,000 Marekani". Chuo chenyewe kilikuwa cha dola 55,000. Hakwenda.

QuestBridge, mpango maarufu wa watoto wa familia zisizo na uwezo, nimeufuta kwenye orodha: ni wa wanaosoma Marekani au wenye uraia na ukaazi wa huko. Berea College ya Kentucky nimeiweka. Haitozi ada kwa mwanafunzi yeyote, kila mmoja anafanya kazi chuoni, ila wageni inaowachukua kila mwaka ni wachache.

Septemba 2023

SAT, mtihani ambao vyuo vya Marekani hutumia kupima waombaji. Kujiandikisha ni dola 60, na kwa sisi wa nje inaongezwa ada ya dola 43. Jumla dola 103, zaidi ya laki mbili na nusu. Baba alikuwa na oda ya makabati ya jikoni Tabata, akapokea malipo ya awali, akanipa laki moja kabla hajaenda kununua mbao. Nyingine mama alitoa kwenye kikoba. Mtihani siku hizi ni wa kompyuta, kwa programu inayoitwa Bluebook, na simu haikubaliwi. Asiye na laptopu anaweza kuomba aazimwe na waandaaji wa mtihani, mradi aombe mwezi mmoja kabla. Nimeomba, nimekubaliwa.

Najisomea Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, Jumamosi kutwa. Hesabu za SAT kwa mtu wa PCM hazitishi. Ni hesabu za kidato cha tatu na cha nne zilizofichwa ndani ya maneno mengi, na humo ndani kuna kikokotoo cha kuchora grafu ambacho sisi hatukizoei. Kazi iko kwenye kusoma. Wanakupa aya fupi, pengine ya utafiti wa ndege, pengine ya riwaya ya karne ya 19, na swali moja. Tumefundishwa Kiingereza cha kujibu mtihani wa taifa: taja, eleza, toa hoja sita. Hiki kinataka ujue mwandishi anaelekea wapi. Nasoma aya, naifunika kwa mkono, nasema kwa Kiswahili ilikuwa inasema nini, ndipo naangalia majibu. Njia hiyo imenisaidia kuliko vitini vyote.

Umeme umeanza mgao. Buguruni unakatika asubuhi, unarudi usiku.

Oktoba 2023

Nimefanya mtihani tarehe 7. Matokeo: 1410, hesabu 770, kusoma na kuandika 640. Vyuo vya kundi la kwanza wengi wanaoingia wako juu ya 1500. MIT inalazimisha alama, wengine mwaka huu ni hiari. Madamu wa Fizikia aliniambia nizifiche. Mshauri wa EducationUSA, pale ubalozi wa Marekani barabara ya Old Bagamoyo, ambako ushauri ni bure kwa kila mtu, alisema alama husomwa pamoja na mahali zilikotoka. Nimeamua kuzituma kote. 640 ya mtu aliyesoma riwaya chini ya taa ya chaji ina habari ndani yake.

Kazi kubwa ya mwezi huu ilikuwa barua na ripoti ya shule. Mfumo unadhani kila shule ina ofisa anayeshughulikia maombi ya vyuo. Shule yetu ina mwalimu wa ushauri na unasihi ambaye pia anafundisha Jiografia mikondo minne. Mkuu wa shule alikubali kusaini, akaniuliza atumie imeili gani. Tulikaa na mwalimu wa taaluma hadi jioni tukifungua akaunti na kuskani ripoti zangu za mihula. Za kidato cha kwanza hadi cha nne ziko shule nyingine, ilibidi niende huko nikaombe mwandishi wa ofisi afungue kabati la mafaili ya wahitimu. Jambo moja tunalo wengi wa huko hawana: nafasi ya darasani. Fomu inauliza mwanafunzi ni wa ngapi kati ya wangapi, na kwetu kila ripoti imeandikwa.

Nimeandaa pia ukurasa mmoja wa kueleza mfumo wetu kwa msomaji wa kule, mwalimu wa taaluma akaupitia na kuupiga mhuri. Kwamba kidato cha sita A inaanzia 80, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69. Kwamba daraja la kwanza linapatikana kwa jumla ya pointi za masomo matatu, na pointi chache ndiyo nzuri. Kwamba Hesabu za Juu ni somo gumu. Kwamba darasa letu lina wanafunzi zaidi ya 60 na maabara moja. Sikuyaandika hayo ili nionewe huruma. Mtu wa Connecticut akiona B bila maelezo, ataisoma kama B ya shule yake.

Novemba 2023

Insha. Maneno 650, kuhusu wewe mwenyewe. Mimi nimefunzwa insha ya General Studies: utangulizi, hoja, hitimisho. Rasimu ya kwanza niliandika umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike. Mjomba akaisoma, akasema, "Hii angeweza kuandika mtu yeyote mwenye mwalimu mzuri. Wewe uko wapi humu?"

Nikaandika juu ya rula ya baba. Baba ana rula ya chuma ya futi mbili ambayo mwanzo wake umelika, namba za kwanza hazionekani. Hapimi kuanzia sifuri, anaanzia inchi moja, halafu anatoa moja kichwani. Nilipokuwa darasa la tano alinipa kazi ya kumsomea vipimo vya kitanda cha tano kwa sita, nikasoma mwisho bila kutoa. Mbao ya mninga ikabaki ndefu inchi moja, alicheka akaikata tena, kisha akanieleza kwamba kinachopimwa ni umbali kati ya alama mbili, popote utakapoanzia. Miaka mingi baadaye mwalimu alipofundisha vekta, nilikuwa nimeshalijua jambo lenyewe kutoka Keko. Insha nzima ni hiyo. Sijataja umaskini hata mara moja, na naamini unaonekana.

Maombi ya mapema yenye kufunga, yale ambayo ukichukuliwa lazima uende, nimeyaacha. Vyuo hukuachia ukitoka kama fedha hazitoshi, lakini nataka kuweka barua mbili mezani nizilinganishe.

Desemba 2023

Nimetuma yote kabla ya Krismasi. Mgao unaendelea, steshenari ina jenereta lakini intaneti inakwenda kwa kusuasua, na sikutaka kukesha usiku wa tarehe 31. Ada za maombi nimesamehewa karibu kote, baada ya mkuu wa shule kuthibitisha hali ya nyumbani. Mtihani wa Kiingereza sikufanya, kwa sababu sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na vyuo nilivyoomba vinalikubali hilo.

Januari 2024: fomu ya fedha

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mtu aisome taratibu. CSS Profile ni fomu ya hali ya fedha ya familia. Inatozwa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Vyuo kadhaa nilivyoviandikia vilinipa namba ya msamaha. Unajaza kwa shilingi, kubadilisha ni kazi yao.

Fomu inauliza kipato cha mwaka cha kila mzazi. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kukiulizwa. Jumapili usiku tulikaa watatu sakafuni, taa ya chaji katikati. Mama ana daftari la madeni, la nani kala akaahidi kulipa kesho. Baba ana daftari la oda. Tulianza na mama. "Siku nzuri unauza shilingi ngapi?" Elfu themanini. "Na mbaya?" Arobaini. Nikatoa mchele, maharage, nyama ya siku moja moja, mafuta, nyanya, mkaa, ushuru wa soko, na dada anayemsaidia kuosha vyombo. Inabaki kama elfu kumi na mbili. Mama alibisha. "Haiwezekani, kumi na mbili tu?" Tukarudia. Ikawa ile ile. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe mkaa ndio unanila." Nilizidisha kwa siku 26 za mwezi, kwa miezi 12: karibu milioni 3.7.

Baba ana mwezi wenye oda tatu na mwezi usio na kitu. Nikajumlisha mwaka mzima kutoka kwenye daftari, nikatoa mbao, vanishi, bawaba, kijana anayemsaidia, na kodi ya banda. Ikaja wastani wa laki tatu na nusu kwa mwezi. Kwa pamoja familia yetu ya watu watano inaishi kwa takriban milioni 7.9 kwa mwaka, kama dola 3,200. Baba alitazama ile namba kwa muda mrefu. Sikujua niseme nini, nikaendelea kujaza.

Sehemu ya mali: kiwanja Chanika, walichokinunua kwa awamu, hakijajengwa. Kimewekwa. Kikoba cha mama, kimewekwa. Fomu inataka ushahidi wa kodi ya mapato na mshahara, na sisi hatuna hati za namna hiyo. Badala yake mwenyekiti wa serikali ya mtaa ametoa barua, nikaifanyia tafsiri, wakili akagonga mhuri, nikaambatanisha maelezo ya jinsi tulivyofika kwenye kila namba pamoja na picha za kurasa za madaftari. Ukiulizwa hati ambayo kwenu haipo, usiache pengo tupu. Eleza fedha inavyoingia na inavyotoka. Mtu wa upande wa pili ni mhasibu, hesabu iliyonyooka anaielewa.

Februari 2024

Dartmouth imetangaza mwezi huu kwamba inarudisha sharti la SAT kwa waombaji wa msimu ujao. Sababu waliyoitoa inanihusu moja kwa moja: utafiti wa maprofesa wao uliona wanafunzi wa familia za kipato cha chini walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia, kwa sababu walizilinganisha na za watoto wa shule za kitajiri. Madamu wa Fizikia nimempelekea habari hiyo.

Zaidi ya hapo mwezi huu ni mitihani ya majaribio na masomo. Shajara inapumzika.

Machi 2024

Majibu. Mengi ni hapana, yote kwa maneno ya upole. Vyuo vikubwa vya mashariki vilitoa majibu usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, kwetu ilikuwa saa nane usiku, katikati ya Ramadhani. Nilikuwa macho, mama akaamka kuandaa daku akanikuta nimekaa. Nikamwambia, "Hapana zote, mama." Akasema, "Njoo ule, mtoto wangu, adhana haiko mbali." Nililia kidogo, nikala.

Kilichobaki ni viwili. Chuo kimoja cha kundi la pili kimeniweka orodha ya kusubiri. Kingine, cha kundi la tatu, kimenichukua, na barua yao ni nzuri kweli: profesa wa uhandisi ameandika kwa mkono chini yake mstari kuhusu rula ya baba. Wamenipa dola 65,000 kwa mwaka. Gharama yote pamoja na bima ni dola 74,000.

Aprili 2024: mizani

Pengo ni dola 9,000 kwa mwaka. Dola imefika karibu 2,580, na madukani haipatikani kirahisi. Ni zaidi ya milioni 23, karibu mara tatu ya kipato cha nyumba nzima. Niliandika kuomba waongeze. Nikawatumia hesabu upya, safari hii na Ramadhani ndani yake, maana mwezi huo mama hauzi mchana, anauza futari jioni tu. Nikaongeza na mvua hizi, ambazo zimejaza maji Jangwani na kukwamisha wateja wa baba. Waliongeza dola 2,500. Nawashukuru, hawakulazimika. Pengo likabaki dola 6,500, zaidi ya milioni 16.

Niliuliza kama naweza kulifidia kwa kazi. Visa ya mwanafunzi inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo. Jibu la ofisi ya wanafunzi wa kigeni: sehemu ya kazi hiyo imeshahesabiwa ndani ya kifurushi, na mshahara wa baadaye hawaupokei kama ushahidi wa fedha. Ili watoe fomu ya I-20 ninayoihitaji kwa visa, lazima niwaonyeshe fedha za mwaka wa kwanza zipo, benki, leo. Fedha zetu ziko kwenye kikoba, kwenye simu na kwenye mbao ambazo hazijauzwa. Bado hapo hujalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, 185 za visa, na tiketi.

Baada ya Idi baba alisema anauza kiwanja cha Chanika. Alilisema akiwa anapiga msasa mguu wa meza, bila kuniangalia. "Kiwanja nitanunua kingine. Wewe nenda." Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo. "Mwenzangu, mwaka wa kwanza tumeuza kiwanja. Mwaka wa pili tunauza nini?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu swali lake ndilo hesabu yenyewe. Ufadhili wa kundi la tatu ni wa miaka minne, na pengo nalo ni la miaka minne: dola 26,000, kama bei haitapanda. Nikikwama mwaka wa pili nitarudi na nusu ya shahada, kiwanja hakipo, na mdogo wangu yuko sekondari.

Upande wa pili wa mizani ni Mlimani. Ada ya uhandisi iko kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Bodi, nikipangiwa, inagusa ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na kwa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Ni mkopo: nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi uishe. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyowatesa waliotutangulia, ilifutwa 2021. Na tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, ambao si mkopo. Huo unaamuliwa na mtihani ulioko mbele yangu, na kila jioni niliyoitumia kuandikia Marekani imekuwa jioni bila Kemia. Sasa jioni zinarudi.

Najua maabara za kule na za hapa si sawa. Najua profesa anayeandika kwa mkono chini ya barua ya mtoto asiyemjua ni mwalimu wa kutamaniwa. Nimeyaweka yote mezani. Lakini nyumba isiyo na akiba haipaswi kukopesha chuo tajiri kiwanja chake.

30 Aprili 2024

Nimejibu barua ya chuo: nashukuru, sitakuja. Nimemwandikia yule profesa barua yake peke yake. Orodha ya kusubiri nimejaza fomu ya kubaki, haina gharama. Wakinichukua ni kundi la pili, pengo wataziba wao, na wasiponichukua mipango yangu haibadiliki.

Yanayofuata: cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA kabla msongamano wa Julai haujaanza. Mdhamini wa mkopo ni mjomba, namba yake ya NIDA ninayo. Nauli ya kambi ya JKT, kama nitaitwa, mama ameshaiweka pembeni. Ukurasa wa kueleza mfumo wetu wa alama, daftari la makundi matatu ya vyuo na mfano wa hesabu ya kipato nimeviweka kwenye flashi, anayo binti wa kidato cha tano anayekaa dawati la mbele maabara. Anaandikisha SAT ya Agosti, na tayari ameanza kumuuliza mama yake bei ya mkaa.

Mtihani wa taifa unaanza Jumatatu.